Ufunguo wa Holi Bila Karatasi

Holi la mtaa wetu hapa Nakuru lina mlango mmoja, na kwa miaka miwili mlango huo ulikuwa na kufuli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaunti, kubwa, iliyoshika kutu hata ufunguo hauingii mpaka upakwe mafuta ya kupikia. Ya pili ilikuwa yetu, tuliyoinunua kwa mchango wa shilingi hamsini hamsini siku tulipokubaliwa kwa mdomo tulitunze jengo. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya manispaa ndiye aliyezifungua zote mbili kila asubuhi. Hakuna aliyemlipa. Anakaa hatua chache kutoka hapo, na alikuwa akisema chai haimshuki akiutazama mlango ule umefungwa.

Ndani, kwenye msumari karibu na swichi, tulitundika daftari la kurasa 96. Jumatatu na Alhamisi jioni, watoto wa ndondi. Jumanne, chama cha kina mama. Jumamosi, mwenye harusi au mwenye kikao cha kuipanga. Jumapili asubuhi, kanisa dogo lisilo na jengo lake. Na jioni yoyote ile, msiba ukitokea, wote hao wanapisha matanga. Hilo la matanga hatukuliandika popote na hakuna aliyewahi kulipinga. Pembeni mwa kila mstari kulikuwa na kiasi kilicholipwa, sahihi ya aliyelipa na sahihi ya mweka hazina. Kwa hela hizo tulibadilisha mabati manne yaliyokuwa yakivuja juu ya jukwaa, tukanunua tokeni za stima, tukaweka tangi la maji.

Kisha asubuhi moja tukakuta kufuli ya tatu. Barua iliyofuata ilisema kwamba kuanzia siku hiyo ukumbi utakodishwa kupitia ofisini. Tulipoenda huko tuliulizwa swali moja tu: mkataba wenu uko wapi? Hatukuwa nao. Tulikuwa na daftari, risiti za mabati, na ruhusa ya mdomo ya afisa ambaye tayari alikuwa amehamishwa.

Mimi naunga mkono kwa moyo wote kaunti kuwakabidhi wenyeji majengo inayoshindwa kuyaendesha. Nimeona yanavyobadilika yakipata watu wanaoyajali. Lakini kukabidhi kwa namna tuliyoizoea, ufunguo mkononi na ahadi mdomoni, kunaumiza kila upande. Kikundi kinatia jasho na pesa mahali kinapoweza kufukuzwa kesho. Kaunti haina inachoweza kukidai kikundi kikikosea. Na mwananchi wa kawaida, ambaye hayumo katika kikundi wala ofisini, hajui amuulize nani holi likifungwa.

Anayetaka kujua kwa nini jambo hili linatuuma na atembee Kivumbini, Bondeni, Kaloleni au Shauri Yako. Hizi ni nyumba za kanjo, yaani za baraza la manispaa la zamani. Chumba kimoja au viwili, ukuta mmoja kati yako na jirani, bomba la pamoja. Katika nyumba za namna hiyo, holi ndilo lililokuwa sebule ya mtaa mzima. Binti alivishwa pete humo, mzee akasomewa wasifu humo, mtoto akajifunza kupiga ngumi humo badala ya kuzipigia barabarani. Nakuru ilipokuwa ikitisha kwa ndondi, mabondia wake walijifua katika ukumbi wa mtaani unaojulikana kwa jina la Madison Square Garden. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alileta shaba kutoka Olimpiki ya Mexico 1968 pamoja na Kombe la Val Barker, linalotunukiwa bondia mwenye ufundi kuwashinda wote mashindanoni, kisha akaleta fedha kutoka Munich 1972. Karani wa mapato hana safu ya kuandikia faida kama hiyo.

Majengo haya yalifikaje mikononi mwa kaunti? Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za mitaa 175, yaani mabaraza ya miji, manispaa na wilaya tuliyoyajua tangu utotoni, zilifikia mwisho wake na mali zake zikaingia kwa kaunti 47. Mamlaka ya Mpito ilipewa kazi ya kuziorodhesha na kuhakikisha hazihamishwi kiholela. Muda wake ulipoisha 2016, mzigo ukahamia kwa kamati ya kiufundi ya mahusiano ya serikali, ile tunayoijua kwa herufi IGRTC. Kuorodhesha ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Unakuta jengo limesimama, watu wanalitumia, lakini hati ya kiwanja haionekani, au imeandikwa jina la manispaa iliyokwisha kufa, au mpaka wake umeliwa na jirani mwenye ukuta mrefu.

Na sisi ni nchi iliyosoma ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma. Tunajua viwanja vya michezo, vyoo vya umma na maegesho vilivyopata wenyewe wapya usiku mmoja. Kwa hiyo ninapomsikia jirani akisema kwamba kukabidhi holi kwa kikundi ni mlango wa nyuma wa kulinyakua, sitamwambia ana wivu. Ana kumbukumbu.

Hapa ndipo Katiba inapotusaidia, tukiisoma bila haraka. Kifungu cha 62 kinasema ardhi ya umma iliyo chini ya kaunti imewekwa mikononi mwake kama amana kwa ajili ya wakazi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia kwa niaba yao. Mwenye amana hana ruhusa ya kuigawa kama karanga. Kwa hiyo hakuna gavana wala mwakilishi wadi anayeweza kukipa kikundi holi liwe lake. Kinachoweza kutolewa ni haki ya kulitumia na kuliendesha kwa miaka inayojulikana, kwa masharti yaliyoandikwa, hati yenyewe ikibaki ya umma. Na Kifungu cha 174 kinataja, miongoni mwa malengo ya ugatuzi, kutambua haki ya jamii kujiendeshea mambo yao. Jedwali la Nne linaongeza kwamba ni kazi ya kaunti kuzisaidia jamii kupata uwezo wa kufanya hivyo. Kaunti ikikabidhi holi kwa mkataba mzuri haimfanyii mtu hisani, inatimiza wajibu ulioandikwa.

Sasa nije kwenye pesa, kwa sababu mijadala mingi ya jambo hili huipita pesa mbio, na siri yote imo humo.

Kwa nini holi lililo mikononi mwa kaunti huoza hata likiwa linakodishwa kila wikendi? Wengi wetu hudhani ni wizi. Wizi upo, lakini hata pale ambapo kila shilingi inapokewa kwa risiti, jengo litaoza vilevile, na sababu iko katika Kifungu cha 207. Pesa zote zinazokusanywa na kaunti, isipokuwa zile zilizoondolewa na sheria ya Bunge, lazima ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti. Zikishaingia huko hazitoki ila kwa bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti na kuidhinishwa na Msimamizi wa Bajeti. Sheria hii ni nzuri. Iliwekwa ili pesa za umma zisipotelee mifukoni. Lakini hebu itazame kwa jicho la mzee wetu wa funguo. Bwana harusi amelipa Jumamosi. Jumapili taa ya jukwaani imeungua. Pesa ya Jumamosi imeshaondoka mtaani, imechanganyika na ushuru wa masoko, leseni za biashara na ada za maegesho. Ili irudi kama taa, lazima taa hiyo iombwe, ipangiwe bajeti, itangaziwe zabuni, inunuliwe, ipokewe ghalani. Mzee hangoji. Anachukua kibatari, au anafunga mlango.

Bunge la taifa liliwahi kuliona tatizo hili katika hospitali. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu ufadhili wa kuboresha vituo vya afya iliruhusu hospitali za umma zibaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia papo hapo, chini ya usimamizi, badala ya kuyapeleka makao makuu na kuyasubiri. Mantiki ni ileile: aliyetoa huduma ndiye anayejua dawa gani imeisha. Kwa kumbi za mitaa hatuna sheria kama hiyo. Njia iliyopo ni mkataba wa ukodishaji. Kikundi kinalipa kaunti kodi ndogo inayojulikana, hiyo ndiyo inayoingia Mfuko wa Mapato, na kinachobaki kinabaki holini. Mabati yetu manne yalipatikana kwa pesa zilizobaki holini, ingawa bila mkataba. Hatukuwa werevu kuliko maafisa. Pesa zetu zilikuwa zinalala chini ya paa lilelile zilikochumwa.

Anayedhani haya ni ndoto na avuke hadi Kisumu. Mtaani Nyalenda, kampuni ya maji ya KIWASCO ilikuwa ikihangaika na jambo ambalo kila mkazi alilijua: mabomba membamba yaliyotandazwa ovyo kama tambi, maji yakivuja na kuibwa, bili zikikosa mlipaji. Katikati ya miaka ya 2000 ilibadilisha mpango. Badala ya kumfukuzia kila mwenye nyumba, ikawa inawauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mtaani, vikiwamo vikundi vya wakazi, kupitia mita moja kubwa mdomoni mwa laini. Mwendeshaji analipia kila tone linalopita mita ile, kisha yeye ndiye anayesambaza, anayesoma mita ndogo na kukusanya pesa.

Fikiria linavyomgeuza mtu jambo hilo. Bomba likipasuka saa nane usiku, maji yanayomwagika ameshayalipia. Ataamka. Atamtafuta fundi kabla jogoo hajawika. Na jirani akijiunganishia kwa siri, atajulikana, kwa kuwa mwendeshaji anakaa hapohapo na anajua nani kachimba wapi. Hakuna askari wa kampuni anayeweza kulinda bomba hivyo. Lakini tusisahau kilichoufanya mpango huo usimame: mkataba ulioandikwa, bei ya jumla inayojulikana, na mita, yaani kipimo ambacho pande zote mbili wanakisoma. Holi nalo linahitaji mita yake. Kwetu sisi lilikuwa lile daftari la msumarini.

Ufukweni Dunga, mwendo mfupi kutoka hapo, kuna funzo la namna nyingine. Vikundi vya usimamizi wa fuo za uvuvi, BMU, viliwekewa kanuni 2007, na kanuni hizo zilitaka wenye mitumbwi, wavuvi wa kuajiriwa na wachuuzi wa samaki wote wawe ndani. Nadhani aliyeandika hivyo alijua ufuo ulivyo. Ukiwaachia wenye mitumbwi peke yao, mama anayekaanga samaki atauziwa nafasi ya kuketi bandani.

Hilo linanileta kwa sisi wenye vikundi, na sitatuonea haya. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na angalau wanachama 10. Kumi ni wachache sana. Kumi ni familia moja na marafiki wa kaka mkubwa. Cheti cha usajili kinathibitisha kwamba kikundi kipo. Hakithibitishi kwamba mtaa unakijua, sembuse kukiamini. Nimeona kwa macho yangu choo cha umma kilichokabidhiwa vijana wa mtaa kikageuka mradi wa watu watatu, wazee wa soko wakilipishwa shilingi ileile kila waingiapo hata wakiwa na ugonjwa wa sukari, na mapato yasijulikane na yeyote. Nimeona uwanja wa mpira ukikodishwa kuegeshea malori. Wote hao walikuwa na cheti.

Kwa hiyo ningependa kaunti isitazame cheti kwanza. Itazame nani atakayefungiwa nje. Iwaulize wanandondi, kina mama wa chama, waumini wa Jumapili, mafundi wa seremala walio nyuma ya jengo, na hasa iwaulize wapangaji, kwa sababu wapangaji ndio wengi mitaani mwetu na ndio wasioitwa mikutanoni. Kamati ya holi iwe na viti vyao, na viti hivyo vichaguliwe upya kwa kalenda iliyoandikwa. Bei za kukodisha zibandikwe mlangoni kwa wino usiofutika. Na matanga yaingie katika mkataba kwa maneno kamili, kwamba msiba wa mtaa haulipishwi na haungoji fomu.

Nasisitiza hili la matanga kwa sababu ya kilichotokea baada ya kufuli ya tatu. Jirani yetu alifariki mwezi wa nne, wakati wa mvua. Utaratibu mpya ulitaka fomu ya maombi ichukuliwe mjini, ijazwe, irudishwe na ada ilipwe kabla ya kupewa ufunguo. Mama mmoja wa chama, ambaye ananiita kijana wangu ingawa nina mvi, alinieleza huku akihesabu kwa vidole: "Kijana wangu, nauli ya kwenda kuomba, nauli ya kwenda kurudisha, na huko kote mimi niko na ndugu yangu mochari." Tulikaa nje, chini ya hema la kukodi lililofungwa kwenye nguzo za varanda ya holi letu wenyewe. Maji ya mvua yalikuwa yakishuka kutoka mabati yale manne tuliyoyapigilia, yakituangukia miguuni, na ndani, kupitia dirishani, viti vya plastiki vilionekana vimepangwa safu kwa safu, vikavu.

Upande wa kaunti nao una kishawishi chake, na hiki kimeonekana mbali zaidi ya hapa. Uingereza imekuwa ikihamishia vikundi vya wenyeji kumbi, maktaba na mabwawa ya kuogelea kwa miaka mingi. Serikali yao ilipokea ripoti maalumu juu ya jambo hili 2007, na Scotland ikatunga sheria mwaka 2015 inayoipa jamii haki ya kuomba jengo, huku mamlaka ya umma ikitakiwa kukubali isipokuwa iwe na sababu za msingi za kukataa. Hiyo ni haki ambayo ningefurahi kuiona hapa. Lakini baada ya 2010, serikali kuu yao ilipobana fedha za mabaraza, mengine yalianza kukabidhi majengo kwa sababu nyingine kabisa: yalikuwa yamezeeka na hayakuwa na pesa ya kuyakarabati. Kikundi kinapokea tabasamu na picha ya gazetini, kisha kinarithi paa.

Nasi mapaa tunayo. Baadhi ya majengo ya zamani ya mabaraza yetu yameezekwa asbesto, na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari. Huwezi kupandisha vijana wawili na nyundo wakaibandue. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ile Jumamosi ya kujitolea. Kuiondoa kunahitaji mtu aliye na leseni na jaa linalokubalika, na gharama yake haiwezi kutoka kwa kodi ya harusi. Kaunti inayokabidhi jengo la aina hiyo bila kuliondoa paa kwanza inakabidhi hatari. Vivyo hivyo nyaya za stima za miaka ya sitini, shimo la choo lililojaa, na deni la maji lililolala tangu enzi za manispaa. Mhandisi wa kaunti alikague jengo, aandike alichokikuta, na kaunti igharamie yale makubwa kabla ya sherehe ya makabidhiano. Baada ya hapo taa, rangi, vitasa na mabati manne ni juu yetu.

Na miaka. Kikundi chenye ruhusa ya mwaka mmoja kitapaka rangi, kwa sababu rangi ni ya mwaka mmoja. Hakitajenga choo cha walemavu, hakitaweka paneli za jua, hakitachimba msingi. Ukienda kwa mfadhili au hata kwa sako ya mtaani kuomba mkopo wa viti mia mbili, swali la kwanza ni umebakisha muda gani hapo. Miaka miwili ya mwanzo iwe ya kujaribiana, sawa, kila upande uone mwenzake. Baada ya hiyo, chini ya miaka 15 hakuna atakayeweka kitu cha kudumu. Mkataba useme pia kitakachotokea kikundi kikisambaratika, maana vikundi hufa: jengo na vyote vilivyopigiliwa ndani yake virudi kwa kaunti, na kaunti ilazimike kuwaita wakazi kutafuta waendeshaji wengine ndani ya muda uliotajwa. Kaunti nayo ikitaka kuvunja mkataba, itoe sababu kwa maandishi, itoe notisi, isikilize, na ilipie kilichojengwa. Kufuli isiwe barua ya kwanza.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Tumepata taa mpya, lami mpya, na mipango mingi ya majengo makubwa. Kumbi za mitaani zinagharimu kidogo sana zikilinganishwa na hayo, na pengine ndiyo sababu hazina mtetezi. Bunge la kaunti linaweza kutunga sheria ndogo ya jambo hili bila kungoja Nairobi. Lianze na orodha: kila ukumbi, kila choo, kila uwanja, nani ana ufunguo sasa na kwa karatasi gani. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ofisi za wadi ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma akisimama.

Daftari letu liko kwa mzee wa funguo, limefungwa ndani ya mfuko wa nailoni ili lisiliwe na unyevu. Mwezi uliopita tulilinakili lote, kurasa zote zilizoandikwa, tukaliambatanisha na risiti na picha za paa, tukapeleka ofisini barua yetu ya tatu. Safari hii tulidai igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yetu, na ikagongwa. Tumeomba miaka 15, kwa maandishi.